MASHINI MOJA NA MWALIMU MMOJA: TUMSAIDIE NAMNA GANI KULINDA POINTI ZETU?



Mnakumbuka lile juma la mwisho la semestri ya kwanza. Tulikuja wote na nguo safi kungoja buletini, tukasimama uwanjani tangu asubuhi paka saa tisa, kiisha tukarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani watu walisema mengi. Wengine walisema Bwana Prefe amezuia buletini juu ya minervale. Wengine walisema waalimu hawakumaliza kusahihisha. Sisi wa komite ya gazeti tulinyamaza, sababu tuliujua ukweli na tuliona haya. Shida ilitoka kwetu.

Ilikuwa hivi. Mmoja wetu alipeleka fleshi yake katika duka moja la mjini, wakamtilia nyimbo na filamu. Kesho yake akachomeka ile fleshi katika ordinatere ya sekretariati, apate kuandika habari za mpira kwa gazeti hili. Hakuomba ruhusa. Mlango ulikuwa wazi na mashini ilikuwa inawaka. Asubuhi iliyofuata mwalimu alikuta dosie zote zimegeuka vimishale vidogo, na akigusa kimishale hakifungui kitu. Akachomeka fleshi yake mwenyewe, ile aliyowekea kopi ya pointi, nayo ikashikwa papo hapo. Mtu mmoja akamwambia: "Mwalimu, tia fomata tu, itapona." Wakatia fomata. Ikapona kweli, lakini ilikuwa tupu.

Kilichotuokoa ni karatasi. Kila mwalimu alikuwa na kitabu chake cha pointi. Wakaandika upya madarasa sita, usiku mbili, kwa mwanga wa tochi, maana betri ya pano ya jua ilikuwa imekwisha. Lakini pointi za majaribio ya Oktoba za darasa moja hazikuonekana tena, kwa kuwa ziliandikwa moja kwa moja ndani ya mashini. Wenzetu wa darasa hilo wanajua namna hesabu yao ilivyofanywa, na kuko wengine ambao hata leo hawajaridhika. Tuko na haki ya kuwaomba radhi, na tumewaomba.

Sasa tujiulize: nani analinda ile mashini? Ni yule yule mwalimu wa hesabu. Anafundisha hesabu katika madarasa matano, anafundisha TIC, anachapa barua za Bwana Prefe, anatengeneza waya za pano, na mzazi akija na telefone iliyokataa kuwaka, wanamtuma kwake vilevile. Kwa kazi ya mashini hakuna mshahara wa pembeni. Mtu kama huyu ukimwambia "ongeza ulinzi", unamwongezea mzigo tu. Ndiyo maana hatutaki kuandika hapa orodha ya vitu thelathini. Tunataka kueleza mambo machache ambayo hayadai kununua kitu, na ambayo mengi yake hata sisi wanafunzi tunaweza kuyachukua mabegani.

Mtu atasema: mambo ya kuibiwa ndani ya ordinatere ni ya Wazungu, Kasongo hapa nani atatutafuta? Tumjibu kwa mfano wa Wazungu wenyewe. Kuko programu moja inayoitwa PowerSchool, ambayo shule nyingi za Marekani na Kanada zinaweka ndani yake majina, pointi na habari za wanafunzi. Mwezi wa Desemba 2024 mtu aliingia ndani yake akachukua habari hizo. Hakuvunja ukuta wowote. Alitumia jina na neno la siri la mtu mmoja aliyeruhusiwa kuingia, na mlango ule haukuuliza kitu kingine zaidi. Kadiri ya hati za mahakama, zilichukuliwa habari za wanafunzi kadiri ya milioni 60 na za waalimu milioni 10. Kampuni ililipa pesa ili habari zifutwe, lakini katika Mei 2025 shule kadhaa zilipata tena barua za vitisho. Aliyekiri kosa alikuwa mwanafunzi wa miaka 19 tu wa jimbo la Massachusetts, na Oktoba 2025 alihukumiwa miaka minne ya gereza. Huko mji wa Toronto, habari nyingine zilizochukuliwa zilikuwa za watu waliosoma tangu 1985. Fikiri: mtu ameacha shule, ameoa, amepata wajukuu, na jina lake lingali ndani ya mashini ya shule.

Basi hata matajiri wenye wataalamu waliangushwa na kitu kidogo: neno la siri moja. Tena ona mfano mwingine. Katika Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga ordinatere zaidi ya 200,000 katika inchi 150 hivi, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi, miezi miwili mbele. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuitia.

Turudi kwetu sasa, kwenye fleshi. Kwa mashini isiyofika kwenye intaneti ila mara moja moja, fleshi ndiyo barabara, na virusi vinapita katika barabara ileile. Si jambo jipya: virusi vya Conficker, vilivyotoka mwishoni mwa 2008, vilienea duniani kwa fleshi na kwa maneno ya siri rahisi.

Virusi vya vimishale vinafanya kazi namna hii. Havifuti dosie yako. Vinaificha, halafu vinaweka kimishale chenye jina lilelile. Wewe unagusa kimishale ukidhani ni dosie, kumbe unakiamuru kirusi kiamke na kirukie mashini. Kwa hiyo mtu akilia "fishie zangu zimepotea", mara nyingi hazijapotea hata kidogo, zimefichwa tu. Anayezipoteza ni yule anayetia fomata kwa haraka. Hilo ndilo kosa lililotupata, na ndilo tunalotaka kila mmoja alishike: mbele ya fomata, ngoja.

Dawa ni hii. Kwanza fleshi isafishwe na antivirusi. Windows tangu namba 8 iko na antivirusi yake ndani, jina lake Defender, hakuna kununua wala kuomba. Watu wengi hawaijui, wanatafuta antivirusi za kuiba mjini, na hizo za kuiba ndizo zenye kubeba virusi. Kiisha fungua dirisha jeusi la amri, andika mstari huu, ukiweka herufi ya fleshi yako fasi ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ngoja kidogo. Dosie zilizofichwa zitaonekana tena. Tulijaribu wenyewe kwenye fleshi tatu za wanafunzi na zote zilirudi. Tuliumia rohoni tulipoona hivyo, maana hata pointi za Oktoba zingerudi.

Antivirusi isiyojua virusi vipya ni kama askari aliyepewa picha za wezi wa zamani. Defender inapata picha mpya kwa intaneti, na hapa intaneti ni ghali. Lakini kuko njia. Microsoft inatoa fishie moja, jina lake mpam-fe.exe, ambayo mtu anaweza kuishusha mahali penye mtandao mzuri, kuileta kwa fleshi na kuigusa mara mbili, basi. Ni nzito kupita mega 100, kwa hiyo si ya kushusha na telefone ya mtoto. Tumepatana na mwalimu kwamba kila mara mtu wa shule akienda Kindu ataileta. Mashini yetu iko na Windows 10, ambayo tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa matengenezo ya kawaida bila malipo. Orodha ya virusi kwa Defender ingali inatolewa, lakini nyufa za Windows yenyewe hazizibwi tena kwa njia ya kawaida. Sababu hiyo fleshi inakuwa hatari zaidi kuliko zamani, na mashini isiyo na lazima ya intaneti ni vema isiunganishwe.

Katika stoo kulikuwa na ordinatere nyingine ya zamani, ile iliyoletwa na ndugu wa ng'ambo, ambayo wote tuliihesabu kuwa kifo. Si kifo, ni mzee tu. Mwalimu ameitilia Linux, ambayo ni ya bure, na virusi vya vimishale vilivyotengenezwa kwa Windows haviwezi kutembea ndani yake. Sasa hiyo ndiyo duane yetu. Fleshi yoyote inayotoka nje inapita kwanza pale. Tunaona wazi wazi kama kuko vimishale au fishie zenye majina ya ajabu, tunatoa tu zile za kazi, tunaziweka kwenye fleshi ya shule, na fleshi ya mtu inarudi mfukoni mwake. Fleshi ya mwanafunzi haigusi tena mashini ya sekretariati. Ya mwalimu pia haigusi. Waalimu wengine walikasirika kidogo mwanzoni.

Jambo la pili ni kopi. Tulikuwa na kopi moja, nayo ilikaa karibu na mashini, ikafa na mashini. Sasa tuko na fleshi mbili, zimeandikwa A na B kwa wino. Jumamosi moja kopi inakwenda kwa A, Jumamosi ingine kwa B. Ile isiyo ya zamu inakaa nyumbani kwa mchungaji, ndani ya bahasha iliyofungwa. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia sekretariati, tunapoteza kazi ya juma moja au mawili, si ya mwaka mzima. Fleshi isiachwe ndani ya mashini usiku, maana kirusi kinachofunga fishie kinafunga kila kilichochomekwa. Tena mara moja kwa mwezi kopi ifunguliwe na kusomwa, sababu kuko kopi ambazo ni jina tu. Watu wa kwetu waliokimbia miaka ya vita wanajua thamani ya kubeba diplome mwilini na kuacha sufuria. Ni akili ileile.

Na karatasi tusiidharau. Pointi za kila kipindi zichapwe, zitiwe sinyatire na zifungwe kabatini. Karatasi haina virusi. Iko na mchwa, ni kweli, lakini mchwa na kirusi hawaji siku moja.

Jambo la tatu ni milango ya ndani ya mashini. Zamani wote tuliingia kwa mlango mmoja, ule wa administratere, ambaye anaweza kufanya yote: kutia programu, kufuta, kubadili. Kirusi kikiingia kwa mlango wake, nacho kinapata nguvu zake zote. Windows inakubali kufungua konti ingine ya kawaida. Mwenye konti hiyo anaandika na kuchapa bila shida, lakini akitaka kutia programu mashini inamwuliza neno la siri la mkubwa. Mwalimu aliifungua kwa dakika kumi. Konti moja ni ya sekretariati, ingine ya gazeti letu, na sisi wa gazeti hatuoni dosie za pointi hata tukitaka. Tunafurahi kwa hiyo. Mtu asiyeweza kugusa pointi hawezi kusingiziwa kwamba amezigusa.

Neno la siri la zamani lilikuwa jina la shule na mwaka, tena limeandikwa kwenye kipande cha karatasi juu ya skrini. Tusicheke, sababu haikuwa uvivu: watu wanne walilitumia na mmoja alilisahau kila juma. Shirika la vipimo la Marekani tangu 2017 linashauri kwamba urefu una faida kuliko alama za kutatanisha, na kwamba si lazima kulibadilisha kila mara bila sababu. Tufanye hesabu. Namba nne za tarakimu zinaleta njia 10,000 tu. Lakini chukua maneno 2,000 ya kawaida, uchague manne kwa bahati, bila maana ya kufuatana: 2,000 mara yenyewe mara nne ni 16 ikifuatwa na sifuri 12. Changanya Kiswahili na Kikusu, au Kibangubangu kwa wenzetu wa Kabambare, na yule mjanja wa mbali ataona moto. Sherti maneno yachaguliwe kwa bahati kweli. Jina la mchumba na timu ya mpira si bahati.

Neno la administratere limeandikwa mara moja kwenye karatasi, likatiwa ndani ya bahasha yenye muhuri, likafungwa katika sanduku la pesa la Bwana Prefe. Juu ya nini? Kwa sababu mwalimu anaweza kuhamishwa au kuugua. Tumesikia shule moja, hatuitaji jina, ambapo mwalimu alihamishwa pamoja na neno la siri kichwani, na mashini ikakaa miezi kama jiwe.

Wenzetu wa Kabambare wametuuliza jambo la dosie za wafinalisti zinazosafiri kwa moto. Dereva ni mwaminifu, lakini mvua, mto na mifuko iliyotoboka havina uaminifu. Mkiwa na Excel au Word ya tangu 2010, fishie yenye jina linaloishia na xlsx au docx inaweza kufungwa kwa neno la siri: fungua sehemu ya fishie, habari, kulinda hati. Huyo anayeokota fleshi njiani ataona fishie lakini hataisoma. Neno lenyewe lisiende ndani ya bahasha ileile. Liambiwe kwa telefone, kwa sauti. Tahadhari moja: ukilisahau, hakuna fundi wa kulifungua, hata hapa Kasongo hata Kinshasa. Kwa hiyo kopi isiyofungwa ibaki Kabambare kabatini.

Kwa telefone tuseme machache. Mtu akikupigia na kusema "nimekutumia namba sita kwa makosa, nisomee", anataka kuchukua WhatsApp yako. Zile namba ni ufunguo. Bwana Prefe ametia katika WhatsApp yake ile siri ya pili ya tarakimu sita, na wazazi wote wanaweza kufanya hivyo bure. Tunasema hivi sababu orodha ya namba za wazazi ilikuwa ndani ya mashini yetu wazi, pamoja na deni la kila mmoja. Fikiri mjanja ameipata: "Allo, mama, mimi ni wa shule, mtoto wako amelazwa, tuma pesa upesi kwa M-Pesa." Anajua jina la mtoto, darasa lake, hata deni. Nani atakataa? Orodha hiyo sasa imefungwa kwa neno la siri, na orodha za miaka ya zamani zimechapwa na kufutwa ndani ya mashini. Hata sheria ya inchi yetu, Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, inasema juu ya kulinda habari za watu binafsi, kwa hiyo si mambo ya adabu tu.

Mtaona kwamba katika haya yote tulinunua fleshi mbili na bahasha. Kingine kilikuwako. Kilichokosekana ni mikono na dakika, na hapo ndipo tumejitolea. Wanafunzi wawili wa mwaka wa tano wanashika duane ya fleshi. Wawili wengine wanaandika katika daftari kila anayeingia kwenye mashini, saa aliyoingia na kazi aliyofanya, na daftari hilo ni la karatasi kwa makusudi. Mmoja anapangusa vumbi na kuangalia kama betri inatosha mbele ya kuwasha, sababu mashini inayozimika katikati ya kuandika inaweza kuharibu fishie pasipo kirusi chochote. Kopi za Jumamosi na konti zinabaki kazi ya mwalimu peke yake. Alituambia kwamba zinamchukua kadiri ya nusu saa kwa juma. Mbele alikuwa akipoteza siku nzima kwa kutibu mashini.

Si yote yamekwisha. Mlango wa sekretariati ungali na kitasa kibaya, na seremala ameahidi mara tatu. Tena kuko waalimu wawili ambao wangali wanaandika pointi moja kwa moja ndani ya ordinatere bila kuziandika kwanza katika kitabu. Tunawaheshimu na tunawaomba.

Meza ya duane iko chini ya baraza ya sekretariati, Jumatano na Jumamosi, baada ya masomo paka saa tisa na nusu. Njooni na fleshi zenu, hata zile mlizodhani zimekufa. Msizitie fomata kwanza. Zamu ya juma hili ni ya yule yule aliyeleta nyimbo.

Komite ya gazeti